Hakuna Mumiani Plaiu Cerbului

Plaiu Cerbului, 8 Machi 1998

Kwa Tiberiu, mtoto wa dada yangu Safta,

Nakusalimu, na kama u mzima basi tumepata mmoja wa kuongezea, maana mimi ni mzima kama jiwe la mlangoni. Ng'ombe wangu Joiana amezaa ndama jike mwenye baka jeupe pajani. Theluji iliangusha uzio wa Paraschiva, yule mjane jirani yangu, nikamjengea mwingine peke yangu kati ya asubuhi na chakula cha jioni, kazi ambayo vijana wa kijiji hiki wangeifanya wiki nzima kama wangeamka. Padri Ilarie anakusalimu. Anauliza kama makanisa ya Bukarest yana milango, maana anasikia watu wa huko hawaingii.

Sasa sikiliza uchafu huu. Gogu, mwana wa mwashi, amefungua kibanda chini ya ngazi za ngome. Anauza nini? Meno. Meno ya plastiki yenye chonge kama za mbwa. Na vikombe vyenye sura ya Vlad Voda, bwana wetu wa zamani, aliyeijenga ngome hiyo hiyo, na mdomo unamchuruzika damu. Nikamwuliza, "Gogu, huyu kwenye kikombe ni nani?"

"Ni Voda, mzee Nistor. Wageni wanasema alikuwa mumiani."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema kama wageni. Wanayapenda meno, mzee."

Mbwa nao wanapenda kunusana matakoni, sijaona mtu akiwafungulia kibanda.

Nimeshika kalamu kwa jambo jingine. Mimi sina mtoto. Nikifa, nani atanifanyia matanga? Wewe? Kaburi la mama yako uliliona siku tuliyomshusha, tangu hapo nalipalilia mimi. Kwa hiyo nimeamua kufanya matanga yangu mwenyewe nikiwa hai, kama walivyofanya wazee wenye akili kabla yangu, siku ya Mtakatifu Dumitru, tarehe 26 Oktoba. Jeneza tayari. Nimeliunda mwenyewe kwa msonobari wa shamba langu, bila msumari hata mmoja, liko darini, na kwa sasa nimehifadhia kokwa za jozi humo. Kondoo wapo. Gongo ya plamu ipo, ya mwaka juzi, inayoweza kuwasha taa. Kinachokosekana ni mkono.

Unaijua desturi, usijifanye Mfaransa. Mkate wa kwanza wenye mshumaa hutoka mkononi mwa mwenye matanga kwenda mkononi mwa mtu wa damu yake. Akiupokea mtu baki, karamu nzima inahesabika kuwa ya huyo mtu baki, na mwenye matanga anakwenda huko aendako na njaa yake. Damu niliyobaki nayo ni wewe tu, bahati mbaya yangu. Uje. Sikuombi, nakuarifu.

Mimi mjomba wako,
Nistor Ghelase


Bukarest, 2 Aprili 1998

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenifikia na nimefurahi kusikia habari za ndama. Huku tu wazima. Mioara yuko kwa mama yake kwa muda, anakusalimu. Kiwanda kilifungwa mwaka jana kama ulivyosikia, lakini usiwe na wasiwasi, nimepata kazi nzuri zaidi, safi, ya kuvaa koti. Nipo na kampuni inayotembeza wageni.

Na hapo ndipo nilipokukumbuka. Kampuni inatafuta nyumba ya kweli ya kijijini, karibu na ngome ya Voda, ambako wageni wanaweza kula na kumsikiliza mzee wa kweli. Nikawaambia, mjomba wangu ndiye mzee wa kweli kuliko wote Romania. Wakacheka, wakakubali. Ungewapa ugali na jibini, gongo kidogo, uwaambie kwamba mababu zetu walimtumikia. Na kama ungeweza kugusia habari za damu, kwa mbali tu. Huna haja ya kusema uongo. Ukinyamaza mahali panapofaa, wao wenyewe watajaza.

Usinikasirikie. Huyo Voda wako aliwapachika watu kwenye vigingi, wanawake na watoto wachanga wakiwemo, shuleni tulisoma. Akiongezewa damu kidogo mdomoni anapungukiwa nini?

Nijibu mapema, wakubwa wangu wananiuliza.

Mpwa wako,
Tiberiu


Plaiu Cerbului, 27 Aprili 1998

Tiberiu,

Kristo amefufuka. Pasaka imepita, nilichinja mwanakondoo, nikala na Paraschiva na Padri. Kiti chako kilikaliwa na paka, naye alijua kula kwa adabu. Ndama amepata jina, anaitwa Duda. Meno yangu bado ni yangu yote isipokuwa manne, sihitaji ya Gogu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikatoka nje nikapasua kuni, nikarudi nikaisoma tena. Bado inanuka.

Vlad Voda aliua. Nani amekataa? Aliua mchana kweupe, uwanjani, watu wakitazama, na aliyepanda kigingi alijua alichoiba. Hao watoto wachanga unaowasema walichorwa vitabuni na wafanyabiashara Wajerumani wa ng'ambo ya mlima, aliowakatalia kuuza bila kulipa ushuru. Mfanyabiashara ukimdai ushuru atasema umekula mtoto wake. Na kama aliwaua kweli, basi aliua kama mtawala, kwa amri, kwa jina lake, na Mungu ameshamwita akajibu. Lakini kutoka usiku kupitia dirishani kunyonya shingo za wasichana waliolala? Hiyo ni kazi ya kunguni. Mmechukua mtu aliyemkosesha Sultani usingizi, mkamfanya kunguni mwenye joho.

Na mfu anayerudi, sisi hatumjui? Tunamjua sana. Ni jirani yako. Anarudi kwa ajili ya ng'ombe wako na ugomvi wa mpaka, anakaa kwenye banda, maziwa yanakauka, wenye kaburi wanafanya linalofanywa, kwisha. Hasafiri. Hapandi meli kwenda kutafuta mabibi wa kigeni. Mfu wa huku hata mjini Pitesti hajafika.

Sasa nikukumbushe wewe ni nani, maana koti limekusahaulisha. Waturuki walipopanda bonde hili wakimfuata Voda, babu yetu Stanciu Ghelase ndiye aliyemtoa kwa njia ya nyuma, kisha akapitisha kondoo wake wote juu ya nyayo za farasi, huku na huko, mpaka Mturuki akabaki anafuata kinyesi. Voda akamwambia, omba. Mwingine angeomba dhahabu. Stanciu akaomba malisho ya juu, na mpaka leo ni yetu. Wakomunisti waliyachukua wakayarudisha, kwa hiyo Voda na wakomunisti wote wawili wamekiri.

Na ngome yenyewe ilijengwa na nani? Na mabwana wakubwa, waliomuua baba yake. Aliwangoja mpaka Pasaka, wameketi mezani na hariri zao, wameshiba, akawatoa hapo hapo akawapandisha mlimani kubeba mawe, mpaka hariri zikawaishia mwilini wakabaki uchi wanachanganya chokaa. Hiyo ni habari ya kumsimulia mgeni! Mtu anayesikia habari kama hiyo halafu anauliza meno, huyo apewe nyasi.

Hata hivyo. Nyumba ninayo, ugali ninao, na hakuna mtu katika mkoa wa Arges anayesimulia kama mimi, Padri mwenyewe anakiri. Nitawapokea hao watu wako mara moja. Sharti ni moja, uwalete wewe mwenyewe kwa miguu yako miwili, uketi mezani pangu. Na unijibu kuhusu Oktoba. Barua yako ilikuwa ndefu lakini hapo haikupita.

Nistor


Bukarest, 20 Mei 1998

Shikamoo Mjomba,

Asante sana! Kampuni imefurahi mno. Kundi litafika Jumamosi ya mwisho ya Juni. Mimi siku hiyo nimepangiwa kundi jingine la baharini, haikuwezekana kubadilisha, nimejaribu. Atakuja Ilinca, mwenzangu, msichana mwenye heshima, anajua Kiingereza na Kijerumani. Mpokee kama mimi.

Habari ya Stanciu nimewasimulia ofisini. Mmoja akauliza: kama mabwana ndio waliobeba mawe, nani alibeba mabwana walipozimia? Akasema huenda akina Ghelase walikuwemo kwenye hiyo safu, ila sisi tunakumbuka kondoo tu. Nilicheka, nikijua ungemjibu vizuri.

Mioara bado yuko kwa mama yake. Hewa ya huko inamfaa.

Tiberiu


Plaiu Cerbului, 5 Julai 1998

Tiberiu,

Nyasi zimekatwa. Duda ameachishwa ziwa. Mimi ni mzima.

Huyo wa ofisini mwambie akina Ghelase hawajawahi kubeba bwana, walibeba maziwa. Mambo mengine ni haya.

Walikuja. Basi la vioo lilishindwa daraja, wakapanda kwa miguu, wanahema kama nguruwe wa Krismasi. Ilinca ni mtoto mzuri, nasema ukweli, ila amevaa suruali iliyochanika magotini na hakuna aliyemwonea huruma kumpa uzi. Mmoja, bwana mnene wa kutoka sijui wapi, alikuwa na joho jeusi, mwezi wa sita, na meno ya Gogu mdomoni. Hakuyatoa hata kwa kula. Alitafuna jibini yangu kwa plastiki.

Niliwawekea ugali, samaki wa mtoni na kachumbari ya kitunguu saumu. Wakaona kitunguu saumu, wakaanza kupiga kelele na kujikinga kwa mikono, wanacheka. Nikamwuliza Ilinca, "Wana ugonjwa?"

"Hapana, mzee. Wanasema mumiani anaogopa kitunguu saumu."

"Waambie Vlad Voda alikula vitunguu saumu kuliko wao wote, ndiyo maana Sultani alimnusa mpaka Istanbul."

Akatafsiri. Wakapiga makofi. Nikawasimulia ya Pasaka na hariri. Bwana mnene akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Anauliza kama mabwana waliliwa. Nikawasimulia ya Stanciu na kondoo. Mwanamke mmoja anauliza kama kondoo walinyonywa. Mimi huyu, niliyewahi kunyamazisha harusi nzima kwa hadithi hiyo! Nilikohoa kidogo, vumbi la majani makavu, nikafuta mdomo kwa leso, na hapo ndipo waliposhangilia hasa, wote wamesimama. Sijui walishangilia nini. Watu hawa hushangilia hata mbuzi akikojoa.

Nikatoka kwenda kisimani. Kurudi, mezani hakuna mtu. Nasikia miguu darini. Nikapanda ngazi. Jozi zangu zimemwagwa sakafuni, zinabingirika, na bwana mnene amelala ndani ya jeneza langu. Amekunja mikono kifuani. Amefumba macho. Meno yametoka nje ya mdomo. Wengine wamepanga foleni na kamera, Tiberiu. Foleni! Walilala mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, mmoja na viatu.

Nikamwambia Ilinca, "Unaona nini hapa?"

Akasema, "Jeneza la onyesho, mzee. Si ndilo hili? Tiberiu alituambia lipo."

Nikamwambia hilo ni langu. La kuzikiwa. Yule mtoto akawa mweupe kama jibini, akaziba mdomo, kisha akaanza kuwavuta wale watu kwa mikono, anapiga kelele kwa Kijerumani. Nasema tena ni mtoto mzuri. Hakujua. Bukarest jeneza linatoka dukani siku unayolihitaji, kama kabichi.

Wewe ulijua. Ukiwa na miaka sita ulifuata jozi darini humo humo, ndani ya jeneza la babu yako, na mama yako alikuchapa kwa kuchungulia tu. Jeneza lililolaliwa na mwingine ni la mwingine. Sasa mimi nikilala humo nitakuwa mgeni ndani ya kitanda cha watalii. Nililipasua kesho yake. Mbao nimempa Paraschiva akarekebishia banda la kuku. Kuku wake wanalala kwenye jeneza bora kuliko lolote katika mkoa wa Arges, bila msumari hata mmoja.

Nataka unijibu mambo mawili. Uliwaambia kwa mdomo wako? Na Oktoba?

Nistor


Bukarest, 14 Septemba 1998

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kuchelewa. Msimu wa wageni, unajua. Natumaini plamu zimezaa.

Kuhusu lile jambo, nililitaja ofisini kwa mazungumzo tu, kwamba mjomba wangu ana jeneza darini. Sikujua litawekwa kwenye mpango wa safari. Lakini usiumie, kampuni imekubali kugharamia jingine. Nimeliona. Jeusi, linang'aa, ndani lina mahameli nyekundu na mto. Wangependa likae kwako moja kwa moja, kwa sababu wageni wa Juni wamesimulia, na sasa wanataka kuleta kundi kila wiki. Ungekuwa unalala wewe humo siku yako ikifika, na kabla ya hapo linapata kazi.

Mjomba, Ilinca aliniambia kuhusu leso. Alisema ilikuwa nyekundu. Alisema wale watu walidhani ni sehemu ya onyesho. Nenda hospitali Pitesti. Nitakutafutia daktari.

Tarehe 26 Oktoba nina kundi. Wamelipangia ngome.

Tiberiu


Plaiu Cerbului, 21 Septemba 1998

Tiberiu,

Plamu zimezaa mpaka matawi yanavunjika. Paraschiva mzima.

Leso ilikuwa na supu ya bitiruti. Mwambie Ilinca anunue miwani.

Mahameli nyekundu yenye mto wampe bosi wako ajilaze asubuhi, aone kama yanamfaa.

Kundi lako lilete au usililete, kwangu sawa. Siku ya matanga lango langu linakuwa wazi, na anayepita hapiti bila kula, awe mwombaji, awe polisi, awe Mturuki. Ndivyo ilivyo na sitaigeuza kwa ajili ya meno. Lakini mkono wa kwanza ni wako. Usipokuwepo, mkate wa kwanza nitamtupia nguruwe wa Gogu, na nguruwe huyo ndiye atakayekula matanga yangu huko mbele milele na milele, na kila mtu mbinguni atauliza kwa nini nguruwe, nami nitawaambia.

Nistor


Plaiu Cerbului, 2 Novemba 1998

Tiberiu,

Theluji ya kwanza imeshika juu ya malisho. Kondoo wameshuka wote. Mimi mzima, nilikunywa na Padri mpaka akasahau wimbo.

Ulikuwepo, najua, sina haja ya kukusimulia. Lakini ulichokiona wewe si nilichokiona mimi, na uliondoka bila kuaga kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi, kama vile wewe ni mzigo wake.

Nilichokiona ni hiki. Meza nimezipanga kutoka langoni mpaka kisimani. Mahali pa jeneza niliweka benchi, nikakunja nguo zangu za kuzikiwa juu yake, maana sikuwa na kingine. Padri ameanza kuimba. Kijiji chote kimesimama, hata Gogu amekuja na shati safi. Ndipo ninakuona unapanda njia na kibendera cha njano mkononi, kama mtoto wa gwaride, na nyuma yako kundi, na wengine wana meno. Mmoja ana joho. Kila kundi lina mwenye joho, sijui mnawagawa.

Nikakuita. Ukaja. Nikakunyooshea mkate na mshumaa unawaka. Na wewe ukasimama. Mikono mfukoni, kibendera kwapani. Nta ilinidondokea kwenye vidole na sikuusogeza mkono, aulizwe Paraschiva. Wale watu wakainua kamera. Nikawaza, haya, ndivyo tulivyo sasa. Nikamtafuta nguruwe kwa macho.

Ukanipa mgongo, ukawaambia kitu kwa lugha yao. Hakikuwa kirefu. Hukupandisha sauti. Mwenye joho akatoa meno mdomoni, akayatia mfukoni yakiwa na mate yake hivyo hivyo. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe akaziba uso. Kamera zikashuka.

Kisha ukageuka, ukatupa kibendera chini, ukapokea. Ukasema, "Mungu akupokelee, mjomba." Kwa sauti ya ndama mgonjwa, lakini ulisema, na watu wote wamesikia, na limekwisha, halifutiki tena.

Na wale wakafuata. Walikuja mmoja mmoja, wakapokea mkate, wakasema maneno yale yale, wanayavunjavunja, nusu yake sikuyajua. Wakala ngano ya matanga, iliyochemshwa na asali, mpaka wakakwangua bakuli. Yule mama alinishika mkono akauliza kitu, wewe ukatafsiri: Voda alikuwa mtu wa namna gani? Swali la mtu mzima hatimaye. Nikawapa ya Pasaka na hariri, nikawapa ya Stanciu, na hakuna aliyecheka mahali pasipo pake. Mwenye joho akauliza kama watu walimpenda. Nikasema hapana, ila walilala milango wazi bila kuogopa mwizi. Akafikiri muda mrefu. Kumbe wanaweza kufikiri.

Sasa nataka kujua. Uliwaambia nini? Nimemwandikia Ilinca, nikidhani ulimsimulia, amejibu, "Muulize mwenyewe, mzee." Nikamwuliza Gogu anayejua maneno mawili ya Kiingereza, akasema hakusikia bei yoyote. Nashuku uliwaambia mimi ndiye mumiani na nitawauma. Kama ndivyo, ulifanya vizuri, ila sema.

Nistor


Bukarest, 20 Novemba 1998

Shikamoo Mjomba,

Nimeachishwa kazi. Wageni walirudi kimya, na kampuni inasema watu hawalipii safari ili warudi kimya.

Umeuliza. Niliwaambia hivi: Huyu ni kaka wa mama yangu. Hakuna mumiani hapa. Mzee huyu anakufa, na mwezi wa sita wenzenu walipoona damu yake kwenye leso walisimama wakapiga makofi. Leo analisha watu matanga yake mwenyewe kwa sababu haamini kwamba mimi nitayafanya, na hajakosea. Hana hata jeneza, alikuwa nalo, nililiuza mimi kwa maneno. Mnaweza kula, lango liko wazi, lakini mkila mtamwombea kama wengine. Asiyeweza, basi lipo chini kwenye daraja.

Sikuweza kukwambia wewe, ndiyo maana niliwaambia wao.

Mioara hayuko kwa mama yake. Ameondoka tangu mwaka jana, kiwanda kilipofungwa. Asubuhi naamka, navaa koti, natoka, nazunguka mtaa, narudi.



Tiberiu


Plaiu Cerbului, 1 Desemba 1998

Tiberiu,

Nani kakwambia nakufa? Ilinca? Wewe una udaktari wa wapi, wa kutembeza watu wenye joho? Umesimama mbele ya kijiji changu, ukatangaza kifo changu kwa lugha nisiyoijua, na mimi nawagawia mikate kama mjinga. Voda angekupachika kigingi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Huyo mwanamke mwache aende. Alikuwa anaweka sukari kwenye ugali.

Sasa sikiliza. Nyuma ya banda kuna msonobari mmoja umenyooka, nimeutazama tangu jana na leo nimeupiga shoka la alama. Peke yangu siuangushi, si kwa sababu siwezi, ila mti mrefu hivyo unataka mtu wa upande wa pili wa msumeno, na kijana wa kijiji hiki atanikatia mguu. Nao ukatwe mwezi huu, utomvu ukiwa umelala. Kisha mbao zipangwe kivulini, na zikae miaka miwili kabla ya kuguswa na randa. Mbao mbichi zinajikunja, na mimi silali kwenye kitu kilichojikunja. Kwa hiyo miaka miwili siendi popote, na hao wanaokuambia mambo ya leso waambie hivyo.

Lile koti liache huko. Njoo na viatu vya kazi.

Nistor Ghelase